Pikapu Mbili Ulizozitangaza Rasbura

Rashidi mwanangu,

Marahaba. Naanza kuitikia kwa sababu najua shikamoo yako haiji, nami sina tabia ya kukaa mlangoni nikingoja salamu ya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Basi nimeshaitikia, hilo limekwisha, tuendelee.

U hali gani? Mkeo Mwajuma kifua chake kimetulia? Mikorosho umeipalilia au umekaa barazani umenuna? Mimi mzima, alhamdulillahi. Jicho la kulia walilolitoa mtoto wa jicho linaona mpaka nisivyotaka kuviona, kama vumbi lililo chini ya kitanda cha mpwa wako Athumani. La kushoto daktari amesema lingoje. Baridi ya huku Arusha si ya binadamu. Asubuhi navaa soksi, navaa sweta la Athumani juu ya gauni, na juu ya yote kanga mbili. Nikitoka nje naonekana kama gunia la korosho lililofungwa na mtu mvivu. Na chakula chao ni ndizi. Ukikataa ndizi za nyama wanakuletea ndizi za maharage. Ming'oko yetu ya kuchemsha wakiiona watadhani ni mizizi ya kumfukizia mgonjwa. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya ndizi.

Naandika kwa mkono wangu, mkono uliofundishwa ngumbaru chini ya bati la ofisi ya kijiji huku wewe ukilia mgongoni. Mwandiko ukikuchekesha, cheka, mradi usome. Athumani alitaka kuniandikia kwenye simu, nikakataa. Simu yako nimeipiga mpaka yule mwanamke wa kusema mteja hapatikani ameanza kunizoea. Karatasi huwezi kuizima. Na ukijifanya miwani imepotea, Mwajuma atakusomea kwa sauti, majirani wasikie. Chagua mwenyewe.

Ujumbe wako nimeuona. Athumani hakutaka kunionyesha, nikamnyang'anya simu. Umeandika, "Sitakanyaga Rasbura. Mtafute mjomba mwingine." Mjomba mwingine nikamtoe wapi, Rashidi? Nilizaa wawili, wewe na dada yako Mwanaidi. Mwanaidi yuko kaburini, Mungu amrehemu, na mwanawe ndiye huyu Athumani. Baba yake alikwenda Tunduru kuchimba madini, na nadhani mpaka leo anachimba. Sisi Wamachinga mtoto ni wa mjomba, hilo nisikufundishe na ndevu zimeshaota mvi. Mzee Chande wa Rasbura hataipokea posa ya binti yake kutoka kwa mtu mwingine, na amesema wazi kwamba mfungo ukiisha na kukiwa kimya, atamwacha Zuhura asikilize upande wa pili. Upande wa pili upo, tena umeezeka bati jipya. Usiponyanyuka wewe, Athumani amemkosa Zuhura. Shida ni hiyo moja. Mengine yote ni kelele.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, maana uliyasikia nusu, na nusu yenyewe uliisikia vibaya.

Siku ile Athumani alipokupigia nilikuwa hapo hapo nachambua mchele. Yeye nilimsikia, wewe nilisikia "ehee! ehee!" tu inatoka kwenye simu kama jogoo aliyefungiwa kapuni. Alikuwa anakueleza habari ya gita lake jipya, analochongewa na fundi wa huku anayeitwa Eliya. Analichonga kwa ule ubao wa mninga uliompa mwenyewe kutoka Rondo. Umesahau? Ulimpa kwa mkono wako ukamwambia, "Chukua, kachonge kitu cha maana." Basi ndicho hicho. Akakwambia, "Mjomba, naweka pikapu mbili."

Rashidi, kwenye gita la umeme kuna kidude kinacholala chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Uzi ukitikisika juu yake, kidude kinausikia, kinapeleka habari kwenye spika. Bila hicho, gita la umeme ni ubao wa kukatia mboga. Kidude hicho wapiga gita wote wanakiita pikapu. Marehemu baba yako alikuwa anakiita hivyo hivyo alipokuwa akipiga kwenye madansi ya Lindi, ila wewe gita la baba yako hukulipenda, ulisema linamchelewesha shambani. Lilipowashwa ulitoka nje. Ungelijulia wapi?

Mtu mwenye mikorosho akiambiwa "pikapu mbili", afikiri nini? Kwa hilo sikulaumu. Hata mimi nisingekuwa mke wa mpiga gita ningetoka mbio kufagia uwanja zipate pa kupaki. Tena maneno ya huyu mtoto yalivyojipanga siku hiyo, shetani mwenyewe asingeyapanga hivyo. Amenisimulia yote. Uliuliza, "Mpya zote?" Akasema, "Moja mpya, moja ya zamani, fundi anaifufua." Ukauliza, "Hiyo ya zamani ina nguvu?" Akasema, "Inavuma kidogo, lakini nguvu inayo." Ukauliza zitakaaje. Akasema, "Moja mbele, moja nyuma." Wewe ukaona msafara unaingia kijijini Kitomanga na vumbi lake. Halafu kwa heshima akakuomba ushauri: "Mjomba, niweke swichi ya kuwasha zote mbili kwa pamoja, au moja moja?" Nawe kwa busara zako ukajibu, "Zote kwa pamoja. Mafuta yataliwa, lakini kazi itakwisha mapema." Athumani alidhani unamtania. Alicheka siku nzima akisema, "Mjomba siku hizi ana utani."

Kosa hilo la kwanza lilikuwa la watu wote. La pili ni lako peke yako. Ulikata simu ukavaa viatu, hayo nimesimuliwa na mama yako mdogo Hadija. Ukamfuata Mzee Mkumba mwenye trekta na tela, anayekubebea magunia miaka yote, ukamwambia mwaka huu asijisumbue, magunia yako yana gari la nyumbani. Ukapanda basi mpaka Lindi mjini, ukaingia Rasbura, ukakaa kwenye mkeka wa watu, ukasema, "Kijana wetu msimwone mpiga gita. Ana pikapu mbili." Nani alikutuma? Na ukamwambia nani? Mzee Chande! Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, gari likipita nje anakwambia nozeli zimechoka bila kuchungulia dirishani. Akafurahi, bila shaka. Akasema, "Zikifika zipitisheni hapa, boneti nitafunua mwenyewe." Haya. Wewe ulifunua mdomo, yeye anangoja kufunua boneti.

La tatu ni la Athumani, nami silifichi. Ulipopiga tena kuuliza rangi na tani, akakujibu, "Moja nyeusi, moja rangi ya maziwa. Tani za nini, mjomba? Inaingia mfukoni." Hapo ndipo mwenyewe akaelewa, akacheka. Nilikisikia kicheko hicho, Rashidi. Kicheko kirefu cha kijana asiyejua anachekea nini. Ukakata simu. Nilimtupia mwiko. Haukumpata, lakini ulimfikishia habari.

Nikamwambia, "Huyo unayemcheka ndiye atakayekaa mbele ya wazee wa watu akuombee mke."

Akasema, "Bibi, sikumcheka mjomba. Nimelicheka neno."

Nikamwambia neno halina uso. Mjomba ana uso, tena ameupeleka Rasbura kwa ajili yake.

Hapo akauliza taratibu, "Kwani huko Rasbura mjomba alinisifu?" Nikasema, "Alikusifu mpaka akapitiliza." Akakaa chini kwenye ndoo. Akasema, "Mimi mjomba hajawahi kunisifu." Nakuandikia hayo uyajue. Sikuongezea chumvi.

Lakini ujumbe wako wa kutafuta mjomba mwingine ulipoingia, naye akavimba. Damu yenu moja, mkivimba mnavimba sare. Akasema, "Kama mjomba shida yake ni magari, akayaposee magari. Nami gita langu naweka pikapu moja tu, hizo mbili sitaki kuzisikia tena." Akawa anazunguka chumbani anapiga mlango. Nikaona hapa nikikaa na sweta langu nitapoteza mwana na mjukuu kwa ajili ya kidude cha sumaku. Nikajifunga kanga ya pili. Nikamwambia, "Nipeleke kwa huyo fundi wako. Mtu wetu amekaa kwenye mkeka wa watu akasema mbili. Zitakuwa mbili."

Nilichukua ule mkebe wa majani ya chai. Najua hukujua kama nimesafiri nao. Gita la baba yako mchwa walipolimaliza ukutani, nilichoweza kuokoa ni hiyo pikapu yake, rangi ya maziwa, na sikuiacha Kitomanga iliwe na panya. Ndiyo hiyo Athumani aliyokwambia inafufuliwa. Ilikuwa inafufuliwa kwa mdomo tu. Fundi alikuwa hajaigusa, na mwili wa gita ulikuwa umetobolewa shimo moja, la ile mpya.

Fundi Eliya ni mtu wa Meru, ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na hajui ipi ni ipi. Nimeingia tu akaniuliza, "Bibi ni wa wapi?" Nikasema Lindi, Mmachinga. Akapiga kofi, "Mmachinga mwenyewe! Basi leo utaniuzia soksi!" Nikamwambia Machinga ni kabila na si kazi, na soksi ninazo miguuni, akizitaka avue mwenyewe aone kitakachompata. Akacheka, akanipa kiti. Baada ya hapo tukaelewana.

Nikamuuliza gita linaweza kufungwa namna ngapi. Rashidi, sikujua. Kumbe kuna watu wanakesha kwa jambo hili. Namna ya kwanza ni pikapu moja, waya unakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha sauti, hakuna swichi, hakuna maneno. Athumani akadakia, "Hiyo hiyo, fundi." Nikamwambia afunge mdomo, mkubwa anaongea. Namna ya pili ni pikapu mbili na swichi ya mikato mitatu: ukiipeleka juu inalia ya mbele iliyo karibu na shingo, sauti nzito, ukiipeleka chini inalia ya nyuma, sauti kali, ukiiacha katikati zinalia zote. Kuna na swichi ya mikato mitano. Nikasema mitano ya nini, mnapika biriani? Hiyo ikaachwa.

Halafu fundi akasema, "Tena hii mpya ni pacha. Ndani ya ganda moja mna mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Kijana anataka kitufe cha kuvuta juu, ukikivuta mmoja analala, anabaki mwenzake."

Nikasema, "Kwa hiyo zote pamoja ni tatu?"

"Ukihesabu hivyo, bibi, tatu."

"Nyamaza," nikamwambia, "mwanangu asikusikie."

Athumani akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ujumbe wako ulipofika.

Kisha nikafungua mkebe. Fundi akaitoa ile ya baba yako, akaipangusa, akachukua kile kipima umeme chake, akagusisha sindano mbili kwenye nyaya. Mshale haukutikisika. Akagusisha tena. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. Akasema, "Bibi, pole. Hii imekufa."

Rashidi, nilikaa. Nyingine mpya ingeagizwa nje ya nchi, na mfungo ungekwisha kabla haijafika. Na shimo la pili lilikuwa halijatobolewa. Fundi akasema mninga ukitobolewa haushonwi, kwa hiyo hatoboi mpaka ajue kuna kitu cha kuingia. Athumani akainama akasema, "Basi, bibi. Mungu mwenyewe amesema moja." Nikamwambia asimsingizie Mungu, Mungu hajasema kitu, kilichosema ni kipima umeme cha Fundi Eliya.

Nikamwambia fundi afunue. Akakata utepe wa juu uliogeuka kahawia. Chini yake ule waya, mwekundu wa shaba, umejizungusha vizuri kama siku ulipotengenezwa. Akasema kama umekatika ndani hakuna mtu atakayeukuta. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Mimi nikaleta jicho langu la kulia karibu. Nikaona kitu kinang'aa pembeni, kifupi, kimesimama peke yake. Nikasema, "Ule nini?" Fundi akaleta taa. Akasema, "Ee, umekatikia mlangoni." Maana yake umekatika pale unapotoka nje kuungana na waya mnene, ndani uko mzima. Lakini ncha iliyobaki ilikuwa fupi, ya kuunganishwa mara moja tu. Ukikatika tena unazama ndani, na hapo kweli kwisha.

Akawasha kile chuma cha kulehemu. Akamwambia Athumani, "Chalii yangu, simama kule, jasho lako lisidondoke humu." Athumani alisimama mlangoni kafumbata mikono kama yuko msibani. Mimi nilishika taa. Fundi akaivuta ncha kwa kikoleo kidogo, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ikaja. Ikaja tena. Ikakwama. Fundi akaacha kupumua, nami nikaacha. Nilisoma dua zote ninazozijua, na nilizosahau nikazirudia kwa maana yake. Moshi kidogo ukapanda, harufu ya risasi ya kulehemia. Akasema, "Tusiseme kitu." Akachukua sindano zake, akagusisha.

Mshale ukanyanyuka.

Athumani akasema "Bibi!" kwa sauti ya udogoni, kama nilivyokuwa nikimsikia akianguka kwenye mkorosho. Nikamwambia fundi, "Sasa toboa ubao."

Ukafikiri imekwisha? Haikuisha. Siku ya kufunga nyaya ndiyo tuliyogombana zaidi. Fundi akauliza zikikutana zipite vipi. Ama moja ipitie ndani ya mwenzake ndipo itoke, sauti inakuwa nene, ya kuziba. Ama kila moja iwe na njia yake, zikutane mlangoni, sauti inakuwa safi. Athumani akataka nene. Nikamuuliza baba yako alikuwa anapiga nene? Baba yako alikuwa anapiga ile inayopita katikati ya ngoma na tarumbeta bila kumsukuma mtu. Athumani akabisha, gita ni lake. Nikasema, "Gita ni lako, ubao ni wa mjomba, na ya mbele ni ya babu; wewe kilicho chako peke yako ni deni la adabu." Fundi akawa anachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Mwisho Athumani akasema, "Haya, kila moja na njia yake." Kitufe chake cha kuvuta nikamwachia. Kijana lazima awe na kitu chake cha kuchezea.

Wakafunga, wakawasha spika. Swichi juu: ya baba yako ikalia. Inavuma, ndiyo, kama nyuki walio ndani ya mzinga, hata kabla uzi haujaguswa. Fundi akasema kuvuma huko ni umri, hakuondoki. Swichi chini: mpya ikalia, kali, safi, inajisikia. Swichi katikati, zote mbili. Rashidi, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua anayeongelea ndani ya chupa. Mbili pamoja zikawa ndogo kuliko moja. Athumani akaliweka gita mezani. Akasema, "Zinapingana." Akanitazama mimi.

Fundi akasema si ajabu, nyaya za moja zimekaa kinyume, moja inasukuma huku mwenzake anavuta. Ageuze za moja tu. Akanyoosha mkono na kile chuma cha moto kuelekea ile ya zamani.

Nilimkamata kifundo cha mkono. "Hiyo huigusi tena," nikasema. "Imeshafanyiwa yake. Geuza mpya."

"Zote sawa, bibi."

"Si sawa. Mkubwa akishakaa hasogezwi. Mgeni ndiye anayezunguka kutafuta pa kukaa."

Akanitazama kwa miwani zote mbili, akageuza nyaya za ile mpya. Akamwambia Athumani ajaribu.

Alipiga, swichi katikati. Sitakuelezea. Alipiga ile ya kumtembeza bibi harusi, aliyokuwa akipiga baba yako wewe ukiwa umelala kwenye mkeka nyuma ya spika, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto huyu aliisikia kwangu tu, nikiiimba nikitwanga, maana babu yake hakumkuta. Kule kuvuma kukawa kumepungua, hata sikukusikia tena. Sikulia. Jicho hili lina dawa, hutoa maji lenyewe.

Basi, Rashidi, nisikilize sasa, na usimame ukinisikiliza.

Najua kwa nini ulivaa viatu ukakimbia. Nimekuona ukisukuma baiskeli yenye magunia kupanda ile njia ya ghalani, mguu mmoja umekanyaga jiwe tairi lisirudi. Ulifikiri kusukuma kumekwisha. Tena ulitaka uwaambie watu kwamba mtoto wa dada yako amekuwa mtu. Kwa la kwanza pole, mwanangu. Gari halipo. Nenda kwa Mzee Mkumba kabla korosho hazijaanza kudondoka, mwamkie vizuri, mwambie ulighafilika, tela lake bado unalihitaji. Atakusimanga kidogo, mvumilie. Lakini kwa la pili hukukosea. Amekuwa mtu.

Na Rasbura hukudanganya. Ulisema kijana wetu ana pikapu mbili. Anazo. Moja mpya, moja ya zamani, moja mbele, moja nyuma, na swichi ya kuwasha zote kwa pamoja kama ulivyoshauri mwenyewe. Neno lako limesimama, nimelisimamisha mimi na Fundi Eliya kwa risasi ya moto. Kilichobaki ni wewe kwenda kulisimamia.

Utamwambia Mzee Chande ukweli, kwamba ulisikia za magurudumu, kumbe za nyuzi. Atacheka, sikufichi. Atacheka mpaka kofia imtoke, na wakeze watacheka ndani, na Zuhura atacheka kwa kujifunika. Utakaa hapo ucheke nao. Athumani atakuwa pembeni yako, na yeye tu ndiye utakayemwona hacheki. Ameniapia. Na kabla ya kuingia nyumba ya watu atakuomba radhi mlangoni, mbele yangu, kwa magoti na si kwa simu. Chande akitaka kufunua boneti, ipo. Nyuma ya gita fundi ameweka kifuniko cha skrubu, Athumani atakifungua, mzee atazame nyaya mpaka aridhike. Mwambie asivute kitu, hasa ule mwembamba.

Daktari ameniruhusu kusafiri. Tunashuka na basi, na gita linakaa kwenye kiti, mimi hata nikisimama. Hatupiti Kitomanga, tunafikia Rasbura moja kwa moja, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Nikikukuta, vizuri. Nisipokukuta, nitakaa mwenyewe kwenye mkeka wa mjomba, na soksi zangu, niwaambie wazee waanze. Wakiniuliza mjomba yuko wapi, unajua mimi sijui kupamba. Nitawaambia yuko Kitomanga, amekikasirikia kidude cha sumaku.

Msalimie mkwe wangu Mwajuma, asinywe maji baridi, na akusukume mlangoni ukichelewa. Msalimie mama yako mdogo Hadija, mwambie jicho limepona na niliona uongo wake, daktari hakunitoboa kwa sindano ya ng'ombe. Msalimie shemeji yako Seifu aliyekutia maneno ya kwamba mtoto anakudharau, mwambie nakuja. Wanao wote nawabusu, yule mkubwa aache kula mabibo mabichi.

Kanzu nyeupe ya baba yako, aliyokuwa akiivaa akipeleka posa za watu, iko chini kabisa ya sanduku langu. Ufunguo Hadija anao. Ipige pasi, mikono usiikunje, niliikatisha upya kwa urefu wako.

Mimi niliyekuzaa,
Somoe binti Selemani

Ile marahaba niliyoanza nayo ni ya mkopo. Shikamoo yake utanilipa Rasbura, mlangoni kwa Chande, niisikie kwa masikio yangu.